Mkono uliosema "sawa"

Alikuja Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, Mbeya ikiwa kwenye baridi yake ile ambayo hata watu wa Uyole waliozaliwa nayo huilalamikia kama wageni. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Aliyeongea ni dada yake mkubwa, mfanyabiashara wa viazi pale Uyole: "Mama, mdogo wangu kashuka kwenye ndege mkono umekufa. Tunaogopa ni stroku." Mgonjwa mwenyewe alitoa shikamoo, akakaa, akatabasamu.

Habari za safari? Nzuri.

Na mkono unasemaje? "Mzuri tu, mama. Ila hauinuki."

Nina zaidi ya miaka 20 kwenye fiziotherapia, sehemu kubwa hapa Nyanda za Juu Kusini, na jibu la namna hiyo nalipata kila siku hadi silisikii tena. Siku hiyo pia lilinipita. Nitalirudia mbele.

Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Alikisoma, akafuta mistari miwili, na mambo kadhaa ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Ana miaka 31, ametokea Iringa vijijini, na riziki yake ni vikapu vya milulu, vile wanavyosuka akina mama wa Kihehe na ambavyo siku hizi unavikuta hadi kwenye maduka ya wazungu. Alikuwa Berlin kwa miezi mitatu, amealikwa na karakana ya wasanii wa nyuzi. Kusuka milulu ni kazi ya kifundo cha mkono na dole gumba: dole gumba linasukuma, kifundo kinainuka, kinashuka, kinainuka tena. Vyote viwili vilikuwa vimelala.

Aliyoyasema kwanza

Siku ya sita tangu mkono ulegee alipita kwenye zahanati moja, ambayo siitaji na wala sina ugomvi nayo. Mhudumu alimuuliza imekuwaje. Akajibu kweli: "Nilifungwa kamba." Mhudumu akaweka kalamu chini. Nani alikufunga? Umeripoti polisi? PF3 iko wapi?

Mtu wa mbali atamwona mhudumu huyo kama kikwazo. Mimi namwelewa. Mwanamke akikaa mbele yako akasema amefungwa kamba, kitu cha kwanza kukujia ni mume, au kaka, au jambo baya zaidi, na majeraha ya kupigwa kwetu yana utaratibu wake. Swali la PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, lilikuwa halali. Kilichokosekana ni swali la pili, lile la kuuliza mlango ukiwa umefungwa na sauti ikiwa chini. Dada wa watu akaogopa, akageuza maneno papo hapo: hapana, nilitania, niliulalia mkono kwenye ndege. Akaandikiwa dawa ya maumivu na vitamini B, akaondoka na hadithi ya ndege. Hadithi hiyo ndiyo aliyomletea dada yake, na ndiyo iliyoletwa kwangu.

Nyumbani dada alishaanza tiba yake, kukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Nilipoutoa mkono mfukoni nikakuta lengelenge mgongoni mwa kiganja, karibu na dole gumba. Mgonjwa hakulisikia lilipokuwa likijitengeneza. Ngozi iliyokufa ganzi haipigi kelele, na maji ya moto ya mtu anayekupenda yanaunguza kama maji mengine.

Mkono mezani

Stroku niliiondoa haraka. Uso ulikuwa sawa pande zote, mguu unasukuma vizuri, ulimi haukwami. Shingo haikuwa na maumivu wala haikurusha kitu mkononi nilipoigeuza. Ngozi niliikagua yote kutafuta baka lisilo na hisia, maana ukoma bado tunaukuta. Hapakuwa na baka. Sukari ya damu ilikuwa kawaida.

Ukabaki mkono wenyewe. Kiwiko alikinyoosha kwa nguvu, nikishindana naye. Msuli wa upande wa dole gumba ule unaotuna ukikunja kiwiko huku kiganja kimesimama kama unayeshika kikombe, haukutuna. Kifundo kilikuwa kimeanguka, vidole havinyooki kwenye maungio ya mizizi, dole gumba haliinuki kabisa. Ganzi ilikaa kwenye kile kipembe cha ngozi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, upande wa nyuma.

Kuna mtego hapa ambao wanafunzi wangu hunaswa nao. Ukiuacha mkono ukining'inia kisha ukamwambia mgonjwa atanue vidole, vitatanuka kidogo mno, na utaandika kwamba neva ya alna, ile ya kutanua vidole, nayo imeumia. Laza kiganja chake juu ya meza, umwambie atanue tena. Alitanua vyote kama anapima unga. Na mshiko: alinishika vidole, mshiko wa mtoto. Nikakiinua kifundo chake kwa mkono wangu mwingine, nikakishikilia hapo, nikamwambia minya. Akaniminya hadi nikasema yesu wangu. Misuli ya kushika ilikuwa nzima. Ilikosa tu kifundo kilichosimama ili ipate pa kuvutia. Naomba msomaji akiweke kichwani hicho, kwa sababu kesi inageukia hapo.

Kwa hiyo ni neva ya radiali, nayo imebanwa chini ya tawi linaloenda kwenye msuli wa kunyoosha kiwiko na juu ya kiwiko chenyewe. Katika urefu huo neva hii inazunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono na kutokea upande wa nje, na kuna mahali imelala juu ya mfupa bila nyama ya maana ya kuikinga. Walevi wanaolala mkono ukiwa umening'inizwa kwenye mgongo wa kiti huamka hivi. Vitabu vya Kiingereza vimeupa ugonjwa jina la usiku wa Jumamosi, na mimi huwapokea Jumatatu. Kuulalia mkono kwenye ndege ingewezekana. Lakini nilipobonyeza kwa kidole gumba changu, karibu nusu ya njia kati ya bega na kiwiko, upande wa nje, alishtuka, na mshtuko ukamshukia hadi mkononi.

Nikamtuma dada yake kutununulia chai. Kisha nikasema, "Mwanangu, hapa palikaa kitu chembamba. Ndege haina kitu kama hicho."

Alikaa kimya kitambo. Akaniuliza kama nitaandika PF3. Nikamuuliza kama kuna mtu alimlazimisha. Hapana. Nikauliza kwa namna nyingine, maana swali hili haliulizwi mara moja: ungetaka kuondoka, ungeweza? "Ningeweza. Mlango ulikuwa wazi na mkasi ulikuwa ukutani." Akatoa simu kwa mkono wa kushoto, akanionesha picha.

Jioni ya kamba

Nikiri kwamba mimi ni Mmoravian wa Rungwe, mwimba kwaya, na picha ya kwanza ilinifanya niinuke kuchukua maji ambayo sikuyahitaji. Yeye alivaa suruali na fulana ya mikono mifupi, amekaa sakafuni kwenye mkeka, mikono nyuma, kamba ya rangi ya gunia ikipita kifuani na juu ya mikono kwa mistari iliyonyooka kuliko nilivyotarajia. Macho amefumba. Alikuwa na sura ya mtu anayesinzia kanisani, si ya mtu anayeteswa.

Ufundi huo unaitwa shibari, neno la Kijapani lenye maana ya kufunga tu, kama unavyofunga mzigo. Wengine husema kinbaku, kufunga kwa kukaza. Mizizi yake inatajwa kwenye hojojutsu, ufundi wa askari wa Japani wa enzi ya Edo, 1603 hadi 1868, wa kufunga wahalifu kwa kamba, ambapo fundo la mkulima halikuwa fundo la mtu wa tabaka la juu. Baadaye mchoraji Itō Seiu, aliyeishi 1882 hadi 1961, aliichukua mifano ya mateso ya kale na kuiingiza kwenye picha zake, na kutoka hapo kamba ikahamia kwenye sanaa, kwenye jukwaa na kwenye vyumba vya watu. Askari wa Edo hakuwa na haja ya kujua kama aliyefungwa ana ganzi. Watu wa Berlin walikuwa na haja hiyo, na walijitahidi.

Rafiki yake wa karakana ndiye aliyempeleka. Jengo la uani, ghorofa ya tatu, viatu vinaachwa mlangoni. Waliotangulia walikuwa wa kila aina: wazee wa zaidi ya miaka 60, watu wanene ambao sehemu nyingine wanaambiwa kamba haziwatoshi, kijana wa kiti cha magurudumu aliyekuwa mmoja wa walimu, wanawake wapenzi wa wanawake, watu waliozaliwa wakihesabiwa wanaume na sasa ni wanawake, na wengine wawili watatu waliokuja kutazama tu kama yeye. Bei ililipwa kwa uwezo. Walikaa duara, kila mmoja akataja jina na kama anaitwa kwa neno la kike, la kiume au lingine. Zamu yake ilipofika alicheka, akawaeleza kwamba nyumbani hatuna shida hiyo. "Yeye" inatutosha wote. Wakampigia makofi. Nilimwambia wangejua mengine tuliyo nayo nyumbani wasingepiga makofi haraka hivyo, naye akakubali.

Kilichomvuta hasa ni kamba. Juti, unene wa milimita 6, urefu wa mita 7 au 8, inakunjwa katikati na kufunga kunaanzia kwenye kikunjo. Wanaipitisha kwenye moto wa mshumaa kuunguza vinyweleo, kisha wanaipaka mafuta kidogo. Sisi tumekulia katani, ile inayofunga magunia ya viazi na kukwangua viganja. Juti ni laini kwa mbali, lakini alipoinusa alipata harufu ya gunia jipya na akaona yuko ghalani kwa baba yake. Msukaji akishika uzi mikono yake inauliza maswali yenyewe. Alianza kujifunza fundo moja, akalipata mara ya kwanza, mwalimu akashangaa, na baada ya chai akaulizwa kama angependa kufungwa naye ajue kamba inasemaje upande wa pili.

Akamuhoji vizuri huyo mwalimu, au tuseme alihojiwa vizuri. Ana pumu? Ana bega lililowahi kuteguka? Aguswe wapi, asiguswe wapi? Akaambiwa rangi za taa: kijani endelea, njano punguza, nyekundu tunafungua sasa hivi na hakuna atakayeuliza kwa nini. Akaoneshwa mkasi wenye ncha butu. Haya yote ni mazuri, na kuna hospitali ambazo mgonjwa anafanyiwa upasuaji kwa maelezo machache kuliko hayo.

Nilimuuliza ilikuwaje. Alifikiri kidogo, akasema ilikuwa kama kusukwa nywele na mama. Umekaa chini katikati ya magoti, kichwa si chako tena, mikono inayokuvuta ni mikono inayokupenda, inabana, na hakuna kitu kingine duniani unachotakiwa kufanya. Aliongeza kwamba kwa miezi mitatu Berlin, ile ilikuwa jioni ya kwanza mtu kuomba kabla ya kumgusa nywele.

Mfano wa nywele ulinifurahisha, kisha ukanitia wasiwasi, kwa sababu najua mtoto anayesukwa akilia huambiwa nini. Huambiwa tulia. Yuko tayari kuvumilia mabutu yanayovuta hadi macho yanakuwa ya Kichina, na akivumilia anasifiwa.

Dakika kama ya 15, ganzi iliingia kwenye dole gumba la kulia. Mwalimu aliuliza, uko sawa? Akasema sawa. Muda si mrefu aliegemea nguzo kupumzisha mgongo, mkanda wa chini wa kamba ukakazwa na uzito wa mwili. Mwalimu akauliza tena. Sawa. Kisha mwalimu akafanya alichofundishwa, akamwekea vidole viwili kwenye kiganja, akamwambia: minya. Akaminya kwa nguvu zote. Mwalimu akaridhika. Dakika 10 nyingine.

Hapo ndipo palipoharibika. Kuminya ni kazi ya neva ya mediani na ya alna. Neva ya radiali, ambayo ndiyo kamba ya mkono wa juu hupenda kuibana, kazi yake ni kuinua. Kawaida ikilegea mshiko nao hudhoofu, kama nilivyoonesha mezani, na mtu anaweza kuligundua tatizo kwa bahati. Lakini mikono ilipokuwa nyuma, kifundo chake kilikuwa kimeegemea mgongo na kamba. Kamba ilikuwa inafanya kazi niliyoifanya mimi kwa mkono wangu wa pili. Kwa hiyo mshiko ulitoka mzuri wakati neva inazimika. Angemwambia aukunje mkono kwa nyuma dhidi ya kiganja chake, au ainue dole gumba likizuiliwa, jibu lingekuja kwa sekunde 3.

Niliipima picha. Nilimkalisha namna ile ile, nikatafuta mkanda wa chini ulipopita, nikaweka futi kamba: sentimita 13 juu ya mfupa wa nje wa kiwiko. Kiganja cha mtu mzima juu zaidi, kwenye nyama ya bega, pengine angeondoka na alama za kamba tu za kufutika kesho yake. Watu wengi hudhani hatari ya kamba ni rangi, mkono ukiwa wa bluu au wa baridi. Hiyo ni damu, na mishipa ya damu inasamehe upesi. Neva huumia bila rangi na mara nyingi bila maumivu.

Walipofungua, kifundo kikaanguka. Na hapa, ukiniuliza mimi, ndipo kuna kosa kubwa kuliko lile la mkanda, nalo si la mwalimu peke yake: mgonjwa alitia mkono mfukoni, akashukuru, akawaaga mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto na kwenda zake. Mwalimu hakuona. Siku ya tatu akapanda ndege.

"Kwa nini hukusema?"

"Mama, walikuwa wamenipokea vizuri mno. Ningeanzaje?"

"Nzuri", "sawa", na mambo kama hayo

Mzee mmoja kutoka Tukuyu aliwahi kunijibu kwamba habari za nyumbani ni nzuri, na robo saa baadaye, nikimnyoosha goti, nikagundua amemzika mkewe Ijumaa. Hakunidanganya. "Nzuri" yake ilikuwa kubisha hodi. Kwetu jibu la kwanza ni la adabu, taarifa inakuja nyuma yake ikiambatana na "ila" au "tu": nzuri, ila tumefiwa, mzuri tu, ila hauinuki. Ukitaka ukweli unakaa, unangoja hiyo "ila".

Na "sawa" ni pana kuliko "nzuri". Sawa ni nimesikia. Sawa ni nimekubali. Sawa ni sijakubali lakini tusibishane mbele za watu. Mwenye duka akikuongezea bei unaondoka na "sawa" ambayo yeye mwenyewe anajua ni tusi. Sasa ihamishe hiyo kwenye chumba ambacho kila mtu amezoea kwamba swali la uko sawa linajibiwa na hali halisi, mpe mgeni Kiingereza chake cha kuazima, na uzidishe kwamba mgeni ni kuku mweupe, kila jicho linamwona. Aliulizwa mara mbili, akajibu salamu mara mbili. Rangi za taa alikuwa nazo mdomoni. Aliniambia "njano" ilimjia kabisa, lakini mpaka ulimi uitoe, mwalimu alikuwa ameshatabasamu na kuendelea, na kumrudisha ingekuwa kama kumkatiza mtu anayeombea chakula kabla ya amina.

Ule ujumuishi wao siubezi. Walikuwa wamefikiria kiti cha magurudumu, unene, uzee, majina, mfuko wa mtu. Hawakuwa wamefikiria mtu ambaye hapana yake inakuja kwa kuchelewa. Sidhani ni Waswahili tu. Lakini kuna swali ambalo huwa nawauliza wagonjwa wangu siku ya kwanza tangu kisa hiki, na lingewafaa na wao: ukiumia hapa kwangu, nitajuaje? Wagonjwa wa huku hucheka kwanza, kisha wanasema kweli. Mmoja wa Makambako alisema, "Nikianza kukusifia sana, acha." Yeye mwenyewe, mgonjwa wa kisa hiki, alisema ananyamaza kisha anaanza kuvuta pumzi kwa pua. Nimeithibitisha hiyo, ndivyo alivyofanya nilipobonyeza bila kukusudia pale ilipopita kamba.

Banzi na siku

Matibabu hayana mengi ya kusimulia. Maji ya moto yakakoma siku ile ile. Nilitafuta kipande cha bomba la plastiki kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, nikakipasha kwenye jiko la mkaa mpaka kikalegea, nikakifinyanga kwanza juu ya chupa na kumalizia juu ya mkono wake uliozungushiwa taulo kikiwa vuguvugu tu, kifundo kikiwa kimeinuliwa nyuzi 30. Ndani nikaweka sponji, juu dada yake akashona kitenge. Mazoezi: kunyoosha vidole kwa mkono mwingine kila saa, kifundo juu na chini, ili viungo visikakamae wakati neva inajipanga.

Herbert Seddon, daktari wa Uingereza, mwaka 1943 aligawa majeraha ya neva mafungu matatu, na mpaka leo tunamfuata. La kwanza neva imezimia tu, nyuzi zake hazijakatika. La pili nyuzi zimekatika lakini ala yake ipo. La tatu imekatika yote. Uzi uliokatika huota upya kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku. Tawi la msuli unaoinua kifundo linatoka karibu na kiwiko, kwa hiyo kutoka kwenye mkanda wa kamba ningetarajia zaidi ya siku 100 kama nyuzi zilikatika. Siku ya 31 tangu ile jioni nilihisi msuli ukicheza chini ya kidole changu. Siku ya 44 alikiinua kifundo kutoka kwenye meza, kikitetemeka kama mbuzi wa siku moja. Nikamwambia hesabu hiyo, kwamba neva yake ilikuwa imelala, haikufa. Dada yake, ambaye hadi leo anaamini habari ya ndege, alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

Vidole vikafuata. Dole gumba lilikuwa la mwisho, kama kawaida yake. Mwezi wa tisa alikuja na kitako cha kikapu, mizunguko sita, akaninyoshea. Mizunguko mitatu ya ndani ilikuwa imelegea, ya nje imebana.

Mwezi huo ndipo alipowaandikia wale wa jioni ya kamba. Alinisomea ujumbe kabla ya kuutuma. Ulianza kwa salamu ndefu, habari za baridi ya Mbeya, na shukrani kwa jioni ile. Mkono ulitajwa kwenye mstari wa tisa, baada ya "ila". Walimjibu siku hiyo hiyo. Waliomba radhi bila kujitetea, wakauliza ni mkanda wa ngapi, wakauliza kama alishawahi kupoteza kazi yoyote kwa ajili hiyo na wamsaidieje. Na wakaomba awaoneshe jaribio la kifundo, lile la kuinua badala ya kuminya, wawafundishe wote.

Akanijia na ombi: nikae mezani, mikono nyuma, yeye anizuie kiganja, dada apige picha tatu. Kwa dada tulisema ni za wanafunzi, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli. Nikavua saa, nikakunja mkono wa sweta. Dada aliposogea na simu nikamwambia, "Piga mkono tu. Sura yangu isionekane."

Mgonjwa akanitazama, akaanza kucheka hadi akaegemea ukuta.

"Sawa, mama," akasema.